Mmeinua gari, usukani mmeuacha wapi?

Wadau, nimekuwa adimu wiki tatu hizi, mniwie radhi. Sikuwa safarini wala kitandani. Kila nikitoka chumba cha habari nilikuwa naishia kwenye gereji moja ya Temeke, nimekalia tairi bovu, nakunywa kahawa chungu na kashata huku nikibishana na watu wazima kuhusu springi. Ndiyo, springi. Mimi niliyesomea habari pale Mlimani, ambaye hadi mwaka juzi ningeambiwa Tairodi ni kiungo mpya wa Simba kutoka Kongo ningekimbia kuandika habari yake.

Kilichonifikisha huko ni hiki.

Rafiki yangu mmoja, tulimaliza chuo mwaka mmoja, anafanya kazi benki na amepanga Tegeta. Alipopata mkopo akanunua Land Cruiser ya zamani, zile VX za miaka ya 90. Gari lilikuwa limetulia, halina kelele, halina tatizo. Yeye akaona liko chini. Akalipeleka kwa fundi wa mtaani kwao, likawekewa koili ndefu kuliko za kwanza kwa inchi 4, tairi za matope zenye meno kama ya mamba, na taa nne juu ya paa. Kazi yote ikaisha kwa siku moja. Alinitumia picha amesimama ubavuni mwa gari, amekunja mikono kifuani, chini yake ameandika neno moja tu: "Mnyama."

Jumapili moja tukatoka na huyo mnyama kwenda Bagamoyo kula samaki. Tulipoiacha Boko tukielekea Bunju, mwendo kama kilometa 80 kwa saa, tairi la kushoto likapanda kiraka cha lami kilichovimba. Kishindo chenyewe kilikuwa kidogo tu. Lakini usukani ukaanza kucheza mikononi mwa rafiki yangu, kushoto kulia, polepole kwanza, halafu kwa kasi mpaka viganja vikawa vinaachia. Dashibodi ikatetemeka, simu yangu ikaanguka, gari zima likawa linatikisa kichwa kama mbwa aliyetoka majini. Akakanyaga breki. Gari likavutika kushoto, likatoka kwenye lami.

Pale pembeni alikuwepo mama mmoja na ndoo ya vitumbua, ana mtoto mgongoni. Aliruka mtaroni. Bampa letu likaondoka na ndoo.

Hakuna aliyekufa. Nasema hivyo mapema ili msije mkasoma mpaka mwisho mkisubiri maiti. Mama alitoka mtaroni na mchanga magotini, akamshusha mtoto, akamkagua mikono na miguu, kisha akatutazama akasema, "Wanangu, mngeniua." Hakupiga kelele. Tulilipa vitumbua na ndoo. Rafiki yangu akarudi garini, akafunga mlango, akasema, "Barabara zetu hizi, bwana."

Barabara!

Keshokutwa yake akarudi kwa fundi yule yule. Fundi akamfungia shokapu mpya ya usukani, ile nyembamba inayolala kwa upana ili mashimo yasiupige usukani, akapokea hela yake, akasema tatizo limekwisha. Na kweli lilikwisha, kwa wiki mbili na nusu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na leo naimwaga. Tumekuwa na kundi la vijana wenzangu, wasomi, wenye mkopo mdogo na gari kubwa, wanaochagua springi kwa macho. Kila mmoja anajua gari lake limepanda inchi ngapi. Waulize fimbo ya usukani imelalaje baada ya hapo, wanakutazama kama umewauliza jina la bibi yake fundi. Na mafundi wetu wamejifunza kuuza kinachoulizwa. Mimi nasema hivi, na mwenye kubisha abishe: kwenye gari lenye ekseli nzima mbele, huchagui springi kwanza. Unachagua usukani, halafu springi zinaufuata.

Naomba nieleze, maana nusu ya ubishi wetu unatokana na kutojua kilichopo chini.

Magari mengi tunayopanda mjini, kina IST na Vitz, kila tairi la mbele lina mkono wake. Moja likiingia shimoni mwenzake hana habari. Ekseli nzima ni kitu kingine. Ni bomba moja la chuma lenye difu tumboni, kutoka tairi hadi tairi. Kushoto kukipanda, kulia kunainama. Ndiyo maana inapendwa porini: haina vitu vingi vya kuvunjika, na jiwe likilisukuma tairi moja juu, jingine linakandamizwa chini na kushika ardhi. Na hapo hapo ndipo ilipo hatari yake. Tairi moja likishikwa na kichaa, la pili linaambukizwa, maana yamefungwa nira moja kama ng'ombe wa kulimia.

Usukani nao una fimbo mbili. Moja inaunganisha tairi na tairi, hiyo ndiyo tairodi. Ya pili, kwenye hizi Land Cruiser za koili na Defender zilizojaa mjini, inatoka kwenye stelingi boksi upande wa dereva, inavuka chini ya injini na kwenda kusukuma tairi la upande wa abiria. Sasa tazama mtego uliopo. Boksi limefungwa kwenye chesisi, liko juu, halishuki na tairi. Ekseli iko chini, inapanda na kushuka kila baada ya hatua mbili. Fimbo ndefu ndiyo inayowaunganisha hawa wawili wasioishi nyumba moja. Ekseli ikishuka shimoni, ncha ya fimbo haishuki wima kama ndoo kisimani. Inazunguka kama mkono wa saa, na ikizunguka inalivuta tairi. Dereva hajagusa kitu, lakini gari limeshaanza kukata kona.

Waliounda magari haya wanalijua hilo, na dawa waliyoipata ni ya kupigiwa saluti. Koili kazi yake ni moja tu, kubeba uzito. Haiwezi kuizuia ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Kwa hiyo kiwandani wanaweka mikono miwili mizito ya kuizuia isiende mbele na nyuma, na fimbo moja ya ubavuni, panhadi kwa jina la vitabuni, inayotoka kwenye chesisi upande ule ule wa stelingi boksi hadi kwenye ekseli upande wa pili, kuizuia isiende kando. Fimbo hiyo na ile ndefu ya usukani zinatakiwa zilale sambamba, na urefu wake ukaribiane. Ekseli ikipanda, zote mbili zinachora upinde mmoja, na hakuna inayoivuta nyingine. Nenda Keko uwatazame vijana wawili waliobeba kabati kwenye ngazi. Wakipiga hatua pamoja kabati halitikisiki. Mmoja akiwahi, kabati linampiga mwenzake mbavuni.

Sasa wewe umekuja na koili zako za inchi 4. Fimbo ya ubavuni imesimama zaidi, kwa hiyo imeivuta ekseli nzima pembeni. Ile mikono miwili nayo imeinama, ekseli imezunguka, na ule mlalo ambao mafundi wanauita kasta umepotea. Kasta ni nini? Tazama uma wa baiskeli ya Phoenix, ulivyolala kidogo kurudi nyuma. Ndiyo maana ukishakuwa kwenye mwendo unaweza kuachia mikono na baiskeli ikaenda. Usimamishe uma huo wima uone inavyotangatanga. Rafiki yangu alilipa hela nzuri ili gari lake litangetange. Ongeza tairi nzito ambazo hazikufanyiwa balansi, ongeza bushi za ubavuni zilizochoka tangu gari liko Japani, na kiraka kimoja cha lami kinatosha. Bushi ikiwa imelegea, ekseli inahama kidogo kwenda kando, fimbo ya usukani haihami, kwa hiyo tairi zinageuka. Zinarudi, zinapitiliza, zinageuka tena. Kila mzunguko unauongezea nguvu unaofuata mpaka upunguze mwendo.

Na shokapu ya usukani? Hiyo ni panadoli. Inashusha homa, malaria inabaki ndani. Kiwandani inawekwa gari likiwa zima, ili kupunguza vipigo vya mashimo. Fundi anayeifunga mpya bila kukagua bushi amekunyima dalili tu, ugonjwa amekuachia. Tena afadhali gari linalotetemeka, kwa sababu linakuambia.

Nitaulizwa: kwa hiyo turudi kwenye springi za bapa, zile za vyuma vilivyopangwa kama za Fuso? Ngoja. Hizo nazo nimezikalia, mgongo wangu unajua. Uzuri wake ni kwamba zinafanya kazi tatu kwa mshahara mmoja: zinabeba mzigo, zinaizuia ekseli isiende mbele wala nyuma, na zinaizuia isiende kando. Hakuna mikono, hakuna fimbo ya ubavuni. Kuna bushi kwenye macho ya springi, yubolti, senta bolti, basi. Fundi wa Mkuranga mwenye jeki na nyundo anaweza kukurudisha barabarani. Ubaya wake ni kwamba ni ngumu, vyuma vinasuguana, na tairi halina nafasi ndefu ya kushuka kufuata shimo. Wala hazina kinga ya usukani ninayoisifu hapo juu. Mwenye kusema springi za bapa hazina dhambi hajaendesha Land Rover 109 ya zamani, yenye kile kifaa kilichochomekwa kwenye chuma cha mbele cha chesisi ili kupokezana msukumo wa usukani. Kikikauka oili, kukata kona ni kama kusukuma ng'ombe aliyelala. Oktoba 2024 Arusha ilifurika Land Rover kwa lile tamasha lao, na mitandao ikajaa mapenzi. Nami nazipenda. Lakini nawaomba waliozipiga picha wakaulize madereva wake hali za mabega yao.

Historia yenyewe inafundisha subira. Land Rover ilianza 1948 na springi za bapa. Mwaka 1970 Range Rover ikaja na koili mbele na nyuma, na 1983 Land Rover 110 ikafuata. Toyota haikukimbia. Land Cruiser za kazi, pikapu na hadtopu za mfululizo wa 70 zilizotoka 1984, zilibaki na springi za bapa mbele mpaka 1999. Miaka 15! Na walipohamia koili hawakubadilisha springi pekee. Walibadilisha sehemu yote ya mbele pamoja na mikono yake na fimbo zake. Nyuma, penye mzigo, wakaacha springi za bapa. (Hadtopu hizo hizo ndizo tunazofanyia magari ya wagonjwa. Yaani ulaini wa koili uko mbele kwa dereva, na mgonjwa tunamlaza juu ya springi za bapa. Hilo nitaliandikia siku nyingine, nikiwa na hasira mpya.)

Wakati huo huo waheshimiwa walishahama. Shangingi la mfululizo wa 100, lililotoka 1998, liliachana kabisa na ekseli nzima mbele. Kila tairi likapata mkono wake, starehe tupu. Lakini Toyota hiyo hiyo ikaunda ndugu yake, 105, mwenye ekseli nzima na koili, kwa ajili ya nchi zenye barabara kama zetu. Tukanunua starehe. Na msidhani ekseli nzima ni mambo ya mababu. Suzuki Jimny mpya ya 2018 inayo, mfululizo wa 70 uliofanyiwa marekebisho 2023 unayo, Grenadier iliyoanza kuuzwa 2022 inayo mbele na nyuma. Zote mbele zina koili, na zote zina ile fimbo ya ubavuni iliyopangwa na watu waliokaa mezani na kalamu.

Sasa nirudi Temeke, maana huko ndiko nilikozipoteza wiki tatu.

Baba yangu mdogo anakaa Chamazi. Ana pikapu Land Cruiser ya miaka ya 90, springi za bapa pande zote, injini ya dizeli ya lita 4.2, silinda sita, mkonga pembeni ya kioo. Inaleta mihogo na machungwa kutoka Mkuranga hadi soko la Temeke Sterio, ikirudi inabeba saruji, na msiba ukitokea inabeba ukoo. Baada ya mvua za mwaka huu, ambazo alivuka maji mara kadhaa upande wa Kongowe, pikapu ikaanza kugonga chini na kuvuta kushoto kila akikanyaga breki.

Mtoto wake, mdogo wangu, ana miaka 22 na simu yenye video nyingi. Yeye akaja na dawa: springi za bapa zitolewe mbele, iwekwe ekseli ya koili kutoka kwenye pikapu mpya zaidi iliyopinduka, mtu anaiuza. Eti itakuwa laini, itakuwa ya kisasa, na tukiwa huko huko tuinue inchi 3. Fundi kijana wa gereji akadakia: kazi ya siku nne, anachomelea vishikio kwenye chesisi, mikono inakaa, koili inakaa. Baba mdogo akanipigia simu. "Wewe msomi, njoo uniamulie. Hawa wananiita mshamba."

Nilifika nikiwa na mama wa vitumbua kichwani.

Pale gereji kuna fundi mzee, mtu wa zamani za Land Rover, ambaye siku hizi anakaa kwenye benchi na kazi yake ni kusikiliza. Nikamwamkia, nikamwomba aseme. Hakumjibu mdogo wangu. Alimgeukia fundi kijana.

"Vishikio vya mikono utavipimaje?"

"Nitatazama ile nyingine ilivyo, mzee."

"Utatazama. Na ya ubavuni?"

"Hiyo naiweka mwisho, ikishaingia koili."

"Na fimbo ya usukani?"

"Hiyo ipo, mzee. Inabaki ya kwake."

Mzee akanyamaza, akamaliza kahawa yake. Halafu akaniambia mimi, si yeye: "Umesikia, mwanangu? Usukani unabaki wa kwake."

Wasomaji wangu, maneno hayo ndiyo niliyotaka kuyapigia kelele tangu mwanzo. Gari linahamishwa mfumo mzima, vishikio vinachomelewa kwa jicho na chaki, kwenye chesisi iliyobeba saruji miaka 30, na usukani "upo". Kwenye kazi hii sentimita 2 si kosa dogo. Fimbo ya ubavuni ikikaa juu kwa sentimita 2 kuliko inavyotakiwa, kila shimo la Chamazi litakuwa linalishikia usukani gari la baba mdogo. Na uchomeleaji wenyewe! Nimeona kwa macho yangu mtaani tairodi iliyokatika ikachomelewa na kupakwa rangi nyeusi, ikarudi barabarani. Vyuma vya usukani vimeumbwa kwa kufuliwa, ukivichoma moto na kuvirudisha hivi hivi nguvu yake si ile tena. Havichomelewi. Vinatupwa. Kama fundi wako hakubaliani na hilo, badilisha fundi kabla hujabadilisha springi.

Tukamwomba mzee aikague pikapu kama ilivyo. Akataka jeki, tochi na mtu mmoja wa kukaa kwenye usukani. Alipomaliza alikuwa na orodha: senta bolti ya springi ya kushoto imekatika, kwa hiyo ekseli imerudi nyuma upande mmoja, ndiyo maana gari linavuta. Yubolti zimelegea. Bushi za macho ya springi zimekwisha. Beringi za kingpini kulia zimeingia maji, grisi imekuwa kama uji wa ulezi. Ncha moja ya tairodi inacheza. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho koili ingekitibu. Tena vingi vingehamia na gari kwenye "usasa" wake mpya.

Na hapa niwape kitu cha kufanya, nisije nikaambiwa najua kulaumu tu. Ukaguzi ule hauhitaji mashine. Gari likiwa limesimama chini kwa tairi zake, injini inawaka na breki ya mkono imevutwa, mtu mmoja azungushe usukani kidogo kidogo, kushoto kulia, bila kukata kona. Wewe ukiwa chini, shika kila kiungo kimoja kimoja: ncha za tairodi, fimbo ndefu, fimbo ya ubavuni pande zote mbili. Kiungo kinachocheza kabla mwenzake hajasogea utakihisi kiganjani. Kisha inua tairi kwa jeki, kwenye ardhi ngumu, weka kigogo chini ya ekseli, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki uone. Likiacha kucheza, tazama beringi za tairi. Likiendelea, ni kingpini. Dakika 20. Ukisimamishwa barabarani unaulizwa mtungi wa zimamoto na pembetatu, na ni sawa uulizwe, lakini sijawahi kusikia mtungi ukikata kona.

Wapo watakaosema nina wivu, kwa kuwa mimi napanda daladala na pikapu ya baba mdogo. Sawa, napanda. Wapo watakaosema, kwa haki zaidi, kwamba kuna sababu ya kuinua: mitaro ya Goba, mchanga wa Toangoma, maji ya masika. Sikatai. Sijasema kuinua ni dhambi. Nimesema inchi 2 zilizoambatana na bushi za kurekebisha kasta, fimbo ya ubavuni ya kurefusha na kufupisha, mipira ya breki inayofika bila kukazwa kama kamba ya kuanikia nguo, na alaimenti baada ya kazi, hizo ni inchi 2 za mtu mzima. Inchi 4 za siku moja ni za picha. Na kama hela inatosha springi tu, haitoshi vingine, basi hela hiyo haitoshi kuinua gari. Nunua bushi, uende zako.

Nasikia pia hoja ya "mbona gari langu liko hivyo mwaka wa tatu na halijanifanya kitu?" Rafiki yangu wa Tegeta angeweza kusema hivyo hadi saa nne asubuhi ya Jumapili ile.

Baba mdogo aliamua mwenyewe, mimi nilikuwa shahidi tu. Springi za bapa zimebaki. Zimefunguliwa, zimeoshwa, jani moja lililopasuka limebadilishwa, bushi mpya, yubolti mpya, senta bolti mpya. Kingpini zimewekwa beringi mpya pande zote mbili ingawa moja ndiyo ilikuwa mbovu, mzee alikataa kufunga upande mmoja. Ncha za tairodi tulizifuata Gerezani, na mzee akazirudisha mara mbili kwa sababu hakupenda uzito wake mkononi. Ndiyo maana ya wiki tatu. Gharama yote haikufika nusu ya bei ya ile ekseli iliyopinduka. Mdogo wangu hanisemeshi mpaka leo, anasema nimemharibia.

Juzi Jumamosi tulikwenda nayo Mkuranga, nikaendesha mimi kutoka Mbagala Rangi Tatu. Ni ngumu kama zamani, mashimo yote nimeyahesabu kwa mgongo. Lakini ukikanyaga breki inasimama ikiwa imenyooka, na kwenye lami niliweza kuushika usukani kwa vidole viwili. Baba mdogo alilala njia nzima, jambo ambalo kwa mtu aliyezoea kunifokea nimelichukua kama cheti.

Rafiki yangu nilimleta kwa mzee pia, nusu kwa maneno na nusu kwa vitisho vya kuandika jina lake hapa. Bushi za ubavuni zilitoka vipande vipande kama mkate mkavu. Amezibadilisha, amefanya balansi, amenunua bushi za kasta. Koili za inchi 4 amegoma kuzitoa, anasema ofisini watamcheka. Tunaendelea kubishana.

Alhamisi nilipita Boko kwa kazi nyingine. Yule mama yupo pale pale, ana ndoo mpya ya bluu. Ila amehama kama hatua kumi kutoka barabarani, amekaa nyuma ya nguzo ya umeme, na wateja inabidi washuke mtaroni kumfuata.